Samaki "wametoweka" au "wameadimika"? Uzi wa maneno ya Kiingereza ya kufifia, kupungua na kupotea

Mkalimani wa Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni akishatulia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mkalimani kwenye kikao cha wavuvi, kijiji kimoja cha pwani huko Kilwa. Wageni wawili walikuja kuuliza habari za uvuvi. Tumekaa kwenye mikeka chini ya mkungu, mzee mmoja wa rika la babu yangu akaombwa aanze. Akasema, "Samaki siku hizi wameadimika." Nikageuza papo hapo: "The fish have disappeared." Mgeni akaandika kwenye daftari, akainua kichwa, akauliza: kama samaki wametoweka, hizi ngalawa zinakwenda wapi kila alfajiri?

Nikamfikishia mzee swali. Mzee hakumtazama mgeni, alinitazama mimi. "Mwanangu, sikusema wameisha. Zamani ukitega dema moja unapata kitoweo cha nyumbani na cha jirani. Sasa unatega matano unarudi na changu watatu. Wapo, ila ni wa kutafuta."

Ilinibidi niombe radhi pande zote mbili na kurekebisha: "Fish have become scarce." Lile daftari lingeondoka na neno langu la kwanza, basi kijiji kizima kingeandikwa kwamba hakina samaki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno ya Kiingereza ya kitu kuondoka. Shuleni wengi wetu tulipewa mawili tu, "reduce" na "disappear", tukafanya nayo kazi zote. Kumbe yako mengi, na kila moja linajibu maswali yake: kitu kinaondoka kwa mwendo gani? Nyuma kinabaki nini? Na je, kitarudi? Hilo la mwisho ndilo linalonisaidia zaidi nikikwama.

Naanza na "dwindle". Ni kupungua kidogo kidogo kuelekea kwisha. Limetokana na kitenzi cha zamani, "dwine", kudhoofika, likaongezewa mkia uleule ulio kwenye "trickle" na "sparkle", mkia wa jambo dogo linalojirudia. Fikiria gunia la mahindi kwenye nyumba yenye watoto wengi. Kila siku kibaba kimoja, humuoni aliyelimaliza, ila siku moja mkono unagusa chini. Akiba hu-"dwindle", mifugo wakati wa ukame hu-"dwindle", waumini wa kanisa la kijijini vijana wakihamia mjini hu-"dwindle". Lina huzuni ndani yake, kwa hiyo ukisema uzito wako una-"dwindle" kwa sababu ya mazoezi, msikilizaji atadhani unaumwa.

"Wane" ni neno la mwezi. Mwezi ukishapevuka huanza kupungua, na huko ndiko ku-"wane". Mwenzake ni "wax", kukua, ambalo siku hizi limebaki karibu kwa mwezi peke yake. Ukilitumia kwa mtu au jambo, "his influence is waning", unasema kwamba kulikuwa na kilele. Kitu ambacho hakijawahi kupevuka hakiwezi ku-"wane".

"Ebb" ni maji kupwa. Hapa watu wa pwani tuna bahati, maana tunalo lenyewe, na hata jina "pwani" limo humo: mahali maji yanapokupwa. Maji yakipwa yatajaa, kwa hiyo "ebb" peke yake ina ahadi ya kurudi. Lakini likiongezwa "away" ahadi inakatika. "Her strength ebbed away" utalisikia kando ya kitanda cha mgonjwa, na mara nyingi si habari njema.

"Vanish" ni ghafla, bila kuacha alama. Limetoka kwenye Kilatini cha "tupu". Mwizi akiingia kwenye umati wa Kariakoo, ame-"vanish". "Disappear" ni pana zaidi: halisemi haraka wala polepole, linasema tu kwamba kilikuwa kinaonekana na sasa hakionekani.

"Fade" nimeliacha la mwisho kwa makusudi, maana ndilo tunalolitumia vibaya kuliko yote. Kitu kiki-"fade" bado kipo. Kilichoondoka ni nguvu yake: rangi, sauti, mwanga, kumbukumbu. Picha ya harusi ya wazazi wako ukutani ime-"fade". Wao bado wanaonekana, wamesimama palepale, ila suti ya baba iliyokuwa nyeusi sasa ni kahawia.

Karibuni, mwenye nyongeza aweke.

Kinyozi Mwanjelwa

Mkuu hapo mwisho umenigusa kabisa. Sisi vinyozi "fade" ndiyo kazi yetu. Mteja akikaa anasema "nipige fade", wengi hawajui neno lina maana gani, wanajua sura yake tu. Nikueleze ninavyofanya: juu naacha nywele kama zilivyo, nashuka na kitana cha mashine namba mbili, halafu namba moja, halafu nusu, chini kabisa mashine tupu mpaka ngozi. Ugumu haupo kwenye kunyoa. Ugumu upo kwenye kufuta mistari. Pale namba mbili inapokutana na namba moja panabaki mstari, unarudia na ncha ya mashine, unainua mkono taratibu kama unaangua kitu, mpaka jicho lisione nywele zimeishia wapi. Mteja akiona mstari mmoja tu, hiyo siyo fade, ni ngazi.

Mkalimani wa Kusini

Mkuu, umeeleza kuliko kamusi. "Jicho lisione nywele zimeishia wapi", hapo ndipo "fade" inapoachana na "stop" na "end".

Mama Furaha, Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Bukavu, huku tunasoma kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa "fade" ni chakula kisicho na ladha. Mtu akipika sombe akasahau chumvi, tunasema iko "fade". Je, ni neno moja na hilo la Kiingereza, au yanafanana tu?

Mkalimani wa Kusini

Asante sana mama, umeleta kitu kizuri. Ni neno moja. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha zamani, likiwa na maana hiyohiyo ya kupwaya na kukosa ukali. Kifaransa kikalibakiza mdomoni, Kiingereza kikalipeleka machoni na masikioni. Sombe isiyo na chumvi bado ni sombe, imejaa sufuria, ila imekosa kile kilichoifanya ivutie. Mtu akikumbuka sufuria hiyo hatakosea tena kuandika kwamba pesa zime-"fade".

Mnairobi wa Eastlands

Bro, salamu kutoka Nairobi. Nina mawili. Kwanza, sisi tukikutana na mtu baada ya muda tunamwambia "You're lost!" Nilimwambia hivyo mzungu mmoja kazini, akafungua ramani kwenye simu akanionyesha alipo. Pili, nyumbani tunasema "the sugar is finished". Mwalimu alikuwa anatukaripia sana kwa hiyo, na hakuwahi kutueleza kwa nini.

Mkalimani wa Kusini

Ndugu, hilo la kwanza ni "umepotea sana!" limevaa nguo za Kiingereza. Miongoni mwetu, kutoka Mombasa hadi Kampala, linaeleweka na lina upendo ndani yake, mimi siliiti kosa. Kwa mtu wa nje "lost" ni aliyepotea njia. Yeye mwambie "I haven't seen you in ages".

La pili lina utamu wake. "Sukari imeisha": anayetajwa ni sukari. Mwingereza hupenda kumtaja mwenye nyumba: "We've run out of sugar." Watu hudhani hiyo ni akili ya kigeni, lakini nasi tunayo. "Tumeishiwa sukari." Mpangilio ni uleule, mwenye nyumba mbele na kilichoisha nyuma. Na watu wa mwambao wana "tumetindikiwa na unga". Ukiwaza kwa "kuishiwa" badala ya "kuisha", "run out of" itakuja yenyewe. Ikiwa bado ipo kidogo chini ya kopo, ni "we're running low on sugar".

Ugonjwa huohuo uko kwenye "reduce". Kiswahili kina "pungua" na "punguza", mzizi mmoja, viambishi tofauti. "Reduce" kwa kawaida ni "punguza", lazima awepo anayepunguza. Sisi tunalitumia kwa "pungua" pia, ndiyo maana tunasema "the price has reduced", "the rain has reduced". Bei ime-"gone down" au ime-"fallen". Mvua ime-"eased". Serikali au mwenye duka ndiye anaye-"reduce" bei.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi na nina jambo ninalotaka lisomwe na kila anayewatafsiria ndugu zake vyeti vya hospitali.

Kwanza ni "taper". Mgonjwa aliyetumia prednisolone kwa muda mrefu huandikiwa "taper". Nimewahi kumpokea mama aliyesomewa na mtoto wake: "wameandika ukimaliza wiki tatu uache." Aliacha siku moja, kabisa. Alikuja hawezi kusimama, presha iko chini, anatapika. Ukitumia dawa ile kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hupumzika, maana dawa inafanya kazi ya tezi hizo. Ukiikata ghafla, zinakuwa bado zimelala. "Taper" ni kushusha dozi ngazi kwa ngazi ili tezi ziamke taratibu. Tafsiri yake salama ni "punguza dozi hatua kwa hatua kama ulivyoandikiwa, usikatishe".

Pili ni "wear off". "The anaesthetic will wear off" maana yake ganzi itaisha nguvu yenyewe, huhitaji kufanya chochote. Watu huchanganya na "wear out", ambayo ni kuchakaa, kama soli ya kiatu.

Tatu ndilo linaloniuma zaidi: "undetectable". Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kikifika "undetectable", maana yake ni kwamba virusi ni vichache mno hata kipimo hakivioni. Habari hiyo ni kubwa na ya furaha, kwa sababu mtu wa namna hiyo akiendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Lakini nimesikia ikitafsiriwa "virusi vimetoweka". Mtu akiambiwa vimetoweka, kwa nini aendelee kumeza vidonge? Anaacha, na baada ya muda vinapanda upya. Semeni "havionekani kwenye kipimo". Vipo, vimelala, na dawa ndiyo inayovilaza.

Mkalimani wa Kusini

Dada nesi, nakushukuru kwa moyo wote. Naomba wasomaji mlitazame hilo neno alilolipitia tu, "kufubaza". Kufubaa ni kupoteza makali au mng'aro, kama kisu kilichokaa bila kunolewa, kama chuma kilichopoteza mng'ao wake. Aliyelichagua kwa dawa hizi alifanya kazi kubwa: kisu kilichofubaa bado ni kisu. Kiingereza wanasema "suppress", kugandamiza. Mimi naona letu linaeleza vizuri zaidi.

Na "taper" asili yake ni mshumaa mwembamba, unaochongoka kuelekea juu. Ndiyo maana utalisikia kwa dawa, kwa suruali inayobana chini, na kwa mkuu wetu wa Mwanjelwa kwenye nywele za shingoni.

Mti Mkavu

Tusidanganyane. Kiingereza kina maneno mia, Kiswahili ni "kupungua" na "kutoweka" basi. Ndiyo maana tunatafsiri vibaya. Lugha yenyewe haina akiba.

Mkalimani wa Kusini

Ndugu yangu, hapana, na naomba unisikilize maana jambo hili nalijali. Akiba ipo, tumeacha kuifungua. Jahazi linapoondoka bandarini, ukisimama ukiliangalia tanga likizidi kuwa dogo mpaka linashikana na maji, tunasema limeyoyoma. Ngoma ya jirani inayohamia kijiji cha pili, sauti yake inayoyoma. Kiingereza kinahitaji maneno manne kusema hilo: "fade into the distance". Anayeondoka moja kwa moja na kumezwa na giza ametokomea. Jani lisilopata maji linanyauka, ambayo ni "wither", na chungwa lililosahaulika juu ya kabati linasinyaa, ambayo ni "shrivel". Biashara haipungui tu, inadorora. Ngazi za mawe za msikiti wa zamani zimelika kwa nyayo za watu, "worn away", na ukingo wa mto unamomonyoka, "eroded". Mwangwi hufifia. Ngozi isiyo na mafuta hupauka. Jua huchwa, na ndimo ilimotoka machweo.

Ukiniambia magazeti na vitabu vya shule havitumii haya, hapo tuko pamoja. Ukiniambia hayapo, waulize waliokulea.

Kijana wa Marangu

Kaka mkubwa, mimi nyumbani ni chini ya Mlima Kilimanjaro. Shuleni kitabu kimoja kiliandika "barafu ya mlima inarudi nyuma". Darasa zima tukauliza, inarudi nyuma kwenda wapi? Mwalimu akasema ni lugha ya kitaalamu.

Mkalimani wa Kusini

Mdogo wangu, swali lenu lilikuwa zuri. Kiingereza ni "the glacier is retreating". "Retreat" ni neno la vita, jeshi linaporudi nyuma. Barafu hairudi popote, kinachosogea ni ukingo wake wa chini, unaozidi kupanda mlimani kwa sababu barafu ya chini inaisha haraka kuliko inavyoongezwa. Mimi ningeandika "ukingo wa barafu unazidi kupanda". Wanasayansi waliolinganisha ramani ya 1912 na hali ya 2007 walikuta eneo lililofunikwa na barafu limepungua kwa takriban asilimia 85. Hapo Kiingereza kinaruhusu "dwindle" na "shrink". "Wane" silipendi, maana wengi watasikia mwezi ndani yake na kutegemea irudi.

Hata "inayeyuka" yetu haitoshi kwa mlima ule. Sehemu ya barafu ya kileleni hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kwa sababu ya jua kali na hewa kavu ya huko juu. Kwa hiyo anayeandika "imeyeyuka yote" amesema nusu ya habari.

Askari Pori Mstaafu

Vijana, mmenifurahisha. Mimi nilitumikia uhifadhi miaka mingi, na neno lililokuwa linatusumbua ni "extinct". Tuliandika "kutoweka" kila mahali. Lakini mwananchi ukimwambia faru ametoweka, anasema atarudi, mbona hata ng'ombe wangu alitoweka akarudi.

Mkalimani wa Kusini

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe. "Extinct" ni ndugu wa "extinguish", kuzima moto. Ni moto uliozimika, hakuna kaa lililobaki la kuwashia mwingine. "Kutoweka" yetu haina mlango uliofungwa kiasi hicho. Ningependa tuwe tunasema "wamezimika", au kwa urefu, "hakuna hata mmoja aliyebaki duniani".

Tuna mfano wetu wenyewe, chura wa Kihansi. Mdogo, wa manjano, aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye ukungu wa maporomoko ya Mto Kihansi. Wataalamu walimgundua 1996. Bwawa la umeme lilipoanza kuchukua maji mwaka 2000, ukungu ule ukapungua sana, na mwaka 2009 akatangazwa "extinct in the wild". Yale maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyobeba kila kitu. Wapo waliokuwa wamechukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakazaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, ambako manyunyu sasa hutengenezwa kwa mabomba. Aliyetafsiri "ametoweka duniani" alimzika chura aliye hai.

Na faru weupe wa kaskazini waliobaki ni majike wawili, Najin na Fatu, huko Ol Pejeta, Kenya. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Machi 2018. Kwao wanatumia "functionally extinct": miili ipo, lakini kwa njia ya asili kizazi hakiwezi kuendelea. Makaa mawili bado yanawaka, ila hayana kuni.

Askari Pori Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la kaa nitalitumia.

Mwanasheria Kijana

Naomba niulize kwa heshima. Nimeona kwenye nyaraka za haki za binadamu "he was disappeared". Nikadhani ni kosa, maana tulifundishwa "disappear" haina hali ya kutendwa.

Mkalimani wa Kusini

Ulifundishwa sawa, na nyaraka ziko sawa pia. Mwanafunzi akiandika "my phone was disappeared", hilo ni kosa. Simu ime-"gone missing". Lakini kwa mtu aliyechukuliwa na watu wenye nguvu, kisha wakakana kwamba wanaye, Kiingereza kililazimika kuvunja sarufi yake. Lilienea hasa kupitia habari za Amerika Kusini miaka ya 1970, kama Argentina chini ya wanajeshi, ambako wanaitwa kwa Kihispania "desaparecidos". Tarehe 30 Agosti kila mwaka Umoja wa Mataifa huwakumbuka watu hao.

Kiswahili hakikuhitaji kuvunja chochote. Alipotea, alipoteza, alipotezwa. Kiambishi kimoja kinamleta mhusika mlangoni hata kama hatajwi jina. Ukitafsiri nyaraka za aina hiyo, nakuomba usiandike "alipotea". Aliyepotea huenda alikosea njia. Mama anayemsubiri anajua hakukosea njia.

Mwanasheria Kijana

Nimekuelewa. Nitarekebisha kazi yangu usiku huu.

Mkalimani wa Kusini

Kabla sijasahau, mtu ameniuliza pembeni kuhusu familia ya "die". Kwa haraka. "Die down" ni kutulia: upepo, moto, zogo la mkutano. Chini kunaweza kubaki makaa. "Die away" ni sauti inayozidi kuwa ndogo mpaka kimya. "Die off" ni kufa mmoja baada ya mwingine kwa wingi, kama kuku kipindi cha kideri. "Die out" ni kwisha kwa ukoo, desturi, au lugha. Kwa lugha muwe waangalifu, kwa sababu lugha inaweza ku-"die out" huku watu wake wapo. Waelmolo wa Ziwa Turkana wapo wanavua hadi leo, ila walihamia Kisamburu.

"Peter out" nalo nalipenda. Ni la wachimbaji madini wa Marekani, karne ya 19: mkanda wa dhahabu unaufuata mwambani, unakuwa mwembamba, mwembamba, halafu umeshika jiwe tupu. Wachimbaji wetu wa Geita watakuwa wanaijua hali hiyo kuliko mwenye kamusi.

Bi Sauda wa Tanga

Wanangu nimewasoma wote tangu mwanzo, nimekaa na chai yangu. Mimi nauza kanga na vitenge, mtoto wangu ananisaidia kuwatumia wateja walioko Ulaya. Nataka kubandika karatasi ndogo ya kuwaonya. Kuna kanga ikifuliwa mara ya kwanza inachuja, maji yanakuwa mekundu, ukichanganya na shuka jeupe umekwisha. Na kuna ambayo haichuji lakini ukiianika juani inapauka. Mtoto ameandika yote mawili "fade". Ni sawa?

Mkalimani wa Kusini

Shikamoo mama. Wewe umeshayatenganisha kwa Kiswahili, kazi kubwa umeimaliza. Kuchuja ni "run": rangi inakimbia kutoka nguoni na kuingia kwenye maji au nguo ya jirani. Kupauka ndiyo "fade": rangi haiendi kwa mtu, inaishiwa nguvu palepale ilipo. Mteja akisoma "fade" peke yake ataliogopa jua, halafu ataifua pamoja na mashuka yake meupe na kukulaumu.

Mwambie mtoto aandike: "Wash separately in cold water the first time, the colours may run. Dry in the shade or they will fade."

Bi Sauda wa Tanga

Marahaba. Na kanga ya mama yangu, niliyoikunja sandukuni miaka thelathini, hata maandishi yake siku hizi nayasoma kwa kuinamisha kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Hiyo nayo ni "fade"?

Mkalimani wa Kusini

Ndiyo mama. Hiyo ni "faded". Maandishi yanasemaje?

Bi Sauda wa Tanga

"Nilikudhani dhahabu." Ya mbele nimeshindwa kuisoma, kesho nitaitoa uani kukiwa na jua la asubuhi.